Kulinganisha Mawazo kwa Mdomo: Mhadhara kwa Walimu wa Lugha wa Katavi

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Mpanda mbele ya walimu wa Kiswahili na Kiingereza, wazazi na wanafunzi wa sekondari



Naanza na karatasi ya mtihani, kwa sababu hiyo tunaijua sote. Katika fasihi ya Kiswahili ya kidato cha nne, swali la tamthiliya, riwaya au ushairi huja mara nyingi kwa sura hii: kwa kutumia vitabu viwili ulivyosoma, onesha jinsi waandishi walivyolishughulikia jambo fulani, toa hoja tatu kwa kila kitabu. Aliyewahi kusahihisha anajua jibu linavyokuja. Utangulizi. Kitabu cha kwanza, hoja tatu. Kitabu cha pili, hoja tatu. Hitimisho. Vitabu viwili vimekaa kwenye karatasi moja kama abiria wawili wa basi la Tabora waliokaa kiti kimoja kutoka Mpanda hadi Koga bila kusalimiana. Mtahiniwa anapata alama zake, na anazistahili, maana alichoulizwa amekijibu. Lakini hajalinganisha kitu. Hakusema kwamba mwandishi huyu ameona mbali zaidi ya yule, wala kwamba wote wawili wamekubaliana juu ya ugonjwa wakatofautiana juu ya dawa.

Nimekuja kuzungumzia kile kilichokosekana katika jibu hilo, na kukifuata mpaka pale kinapoanzia, yaani mdomoni. Naamini kwamba kulinganisha mawazo ni kazi ya watu wawili kabla haijawa kazi ya mtu mmoja. Mtoto huijifunza kwa kusemezana na mwenzake, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Akishaizoea ndipo anapoweza kuifanya peke yake kichwani, na baadaye sana kwenye karatasi. Mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky, aliyefariki 1934 akiwa bado kijana, alilieleza jambo hili kwa upana: uwezo wa fikra wa mtoto hutokea kwanza baina ya watu, kisha ndipo uingie ndani ya mtoto mwenyewe. Sisi tumeuanza mwendo huo kwa nyuma. Tunamdai mtoto insha ya kulinganisha kabla hajawahi kulinganisha chochote kwa sauti yake.

Kwa mkoa wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Katavi ilitoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilituhesabu zaidi ya watu 560,000. Sensa ya 2022 ilitukuta tumevuka milioni 1.1. Ongezeko la namna hiyo haliletwi na uzazi peke yake. Watu wamehamia, wengi wao wakulima na wafugaji kutoka Usukumani, wakaja na ng'ombe, majembe na lugha yao. Ingia darasa la kwanza Nsimbo, Mpimbwe au wilaya ya Tanganyika, usikilize watoto wanavyoitana kabla kengele haijalia. Utasikia Kisukuma, Kirundi, Kipimbwe, Kikonongo, Kibende, Kifipa, Kiha. Kwa wengi wao Kiswahili cha shuleni ni lugha ya kujifunza, na Kiingereza kitakuwa lugha ya tatu. Kwa hiyo nikisema mwanafunzi wa lugha, simaanishi yule wa kipindi cha Kiingereza tu. Hapa kwetu kila mwalimu, hata wa hisabati, anafundisha wanafunzi wa lugha.

Mtaniambia: mbona tunao mdahalo? Ni kweli tunao, na naupenda. Sidhani kama yupo mtu humu ndani ambaye hakusimama siku moja akiwa na magoti yanayotetemeka, akawasalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda na wapinzani wake, kisha akatetea kwamba elimu ni bora kuliko pesa, au kwamba maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Mdahalo umewapa watoto wetu ujasiri wa kusimama na adabu ya kusubiri zamu. Mtu asiudharau. Hata mada zake zimejengwa juu ya neno kuliko, kwa hiyo kwa sura yake ni somo la ulinganishi.

Tatizo liko katika kanuni yake ya ndani. Pande hugawanywa kabla mtu hajafikiri. Ukipangiwa upande wa pesa, utasema mazuri yote ya pesa na mabaya yote ya elimu, na ukigundua katikati ya maneno yako kwamba mpinzani ana hoja nzito, kazi yako ni kuificha. Kila msemaji anakuja na karatasi aliyoiandika jana usiku, anaisoma, anakaa. Aliyesema kabla yake angeweza kusema jambo lolote lile, karatasi ingebaki vilevile. Mwishoni kura hupigwa, upande mmoja unashangilia. Tumewafundisha watoto kupinga, na kupinga ni rahisi kuliko kulinganisha, kwa sababu anayepinga halazimiki kumsikiliza mwenzake mpaka mwisho.

Wazee wetu wa ushairi walikuwa wameligusa jambo hili. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyefariki 1969, aliikuza ngonjera ikaenea shuleni na majukwaani, na chama cha washairi cha UKUTA kikaibeba. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka miaka ya mwanzo ya 1970. Katika ngonjera wawili hushindana kwa beti, na mmoja hufika mahali akakubali. Anasema hadharani kwamba ameelewa, kwamba alikosea, kwamba hoja ya mwenzake imemshinda. Mdahalo wa shule hauna nafasi hiyo kabisa. Lakini nisiipambe ngonjera kupita kiasi. Mshindi alijulikana tangu ubeti wa kwanza, maana mtunzi alikuwa na somo lake la kufikisha, na katika miaka ile somo hilo mara nyingi lilikuwa siasa ya Ujamaa. Anayekubali anakubali kwa sababu mtunzi amemwandikia hivyo. Tunachoweza kuchukua kwake ni heshima ya kukubali, tukaiweka mahali ambapo matokeo hayajaandikwa na mtu.

Kanuni ninayoipendekeza ni moja, na haihitaji kitabu wala umeme. Kabla ya kumjibu mwenzako, sema wazo lake kwa maneno yako mwenyewe mpaka yeye aseme, "Naam, ndivyo nilivyosema." Asiposema hivyo, hujapata ruhusa ya kujibu. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliipendekeza kanuni ya namna hii miaka ya mwanzo ya 1950 kwa watu wazima wanaogombana, akionya kwamba inaonekana rahisi mpaka uijaribu. Yeye alikuwa anatafuta amani kati ya watu. Mimi naitaka kwa sababu ya lugha.

Tazameni kinachotokea mdomoni mwa mtoto anapotii kanuni hii. Kwanza analazimika kusikiliza, na kusikiliza kwa kutafuta maana, maana ataulizwa papo hapo. Pili, anageuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Mwenzake amesema "sitaki", yeye anapaswa kusema "unasema kwamba hutaki". Nafsi inabadilika, na wakati mwingine njeo na vielezi vya mahali pia. Sarufi tunayoifundisha ubaoni kwa mifano mikavu, hapa inafanya kazi yake halisi. Tatu, anatafuta msamiati mwingine wa kusema jambo lilelile, kwa sababu kurudia neno kwa neno hakukubaliwi. Mtoto wa Kisukuma ambaye hana neno fulani la Kiswahili atazunguka mpaka alifikie, na mwenzake atamsaidia, kwa kuwa ana hamu wazo lake lisemwe sawasawa. Huo ni ufundishaji wa lugha ambao mwalimu mmoja mbele ya watoto themanini hawezi kuufanya peke yake hata akisema kutwa nzima.

Lakini kurudia wazo kwa haki ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutaja kipimo, na hapa ndipo watoto, na watu wazima pia, hukwama. Mtu akisema hiki ni bora kuliko kile, ana deni. Bora kwa nini? Kwa nani? Kwa muda gani? Wenzetu waliosoma vyuo vya ualimu wanaikumbuka ngazi ya Benjamin Bloom ya mwaka 1956. Katika ngazi ile tathmini iliwekwa juu kabisa, na Bloom aliieleza kuwa ni hukumu inayotolewa kwa vigezo. Tumekariri ngazi, lakini ni mara chache tunamdai mtoto vigezo vyake.

Niwape mfano wa hapahapa. Mlele wanajulikana kwa asali, na Inyonga hakuna mtoto asiyejua mzinga. Kuna mizinga ya asili ya magome na magogo inayotundikwa mitini, na kuna mizinga ya masanduku ya mbao. Tuseme darasa la kidato cha kwanza limeulizwa mfugaji nyuki achague upi. Wasikilizeni mtoto wa kwanza na wa pili:

– Mimi naona mzinga wa gome ni bora, kwa sababu hauna gharama. Unaingia porini, unalichuna gome, unalifunga, kazi imekwisha.

– Unasema mzinga wa gome unamfaa zaidi mtu asiye na fedha, maana nguvu zake ndizo mtaji wake. Nimekusema sawa?

– Sawa kabisa.

– Basi kwa kipimo cha gharama ya kuanza, nakubali umenishinda. Lakini mti uliochunwa gome kuuzunguka pande zote hufa, na ni mti uleule ambao nyuki walikuwa wanafuata maua yake. Tukipima kwa miaka kumi, sanduku ni nafuu kuliko gome.

– Miaka kumi ni kipimo cha mtu mwenye chakula leo. Baba mwenye ada ya kulipa mwezi huu, utampimaje?

Swali hilo la mwisho ndilo ninalolitafuta. Mtoto hakupinga tena hoja, amepinga kipimo. Ameona kwamba hawabishani juu ya mizinga bali juu ya muda upi uhesabiwe, na juu ya nani anayehesabu. Akifika hapo, hata akiwa na Kiswahili cha kuunga unga, anafikiri kama mtu mzima aliyeelimika. Na mwalimu hakulazimika kumwambia jibu. Pengine halipo moja. Anayekopeshwa sanduku na chama cha ushirika yuko mahali tofauti na anayeanza peke yake.

Mfano mwingine nitaupita haraka. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi, ikafunguliwa 1950. Siku hizi kuna lami pia, kupitia Koga. Mtoto aulizwe treni au basi. Anayesafiri na magunia ya mpunga atapima kwa nauli ya mzigo, anayempeleka mgonjwa Tabora atapima kwa saa. Swali moja, vipimo viwili, majibu mawili, na yote mawili sahihi.

Sasa niseme juu ya maneno yenyewe, maana najua walimu wa lugha mnasubiri viunganishi. Tumezoea kuanza navyo. Tunaandika ubaoni: kuliko, ilhali, bali, hata hivyo, kwa upande mwingine, mtoto ananakili, anatunga sentensi tano, tunaweka alama ya vema. Juma linalofuata vyote vimeyeyuka. Vinayeyuka kwa sababu vilikuja kabla ya haja. Ninyi subirini mpaka mtoto anaposimama akitaka kusema kwamba mwenzake yuko sahihi kwa jambo moja na hayuko sahihi kwa jingine, na anahangaika, mikono inafanya kazi kuliko ulimi. Hapo mpe "ilhali". Mpe "nakubaliana nawe katika hili, ila". Mpe "hoja zetu zinafanana mpaka hapa". Mpe pia "afadhali" na "heri", ambayo ni maneno ya kuchagua kati ya mambo mawili ambayo huyapendi yote, kwa sababu sehemu kubwa ya uamuzi wa maisha ni ya aina hiyo na vitabu vyetu vya sarufi huyapa nafasi ndogo. Neno lililokuja wakati wa kiu halisahauliki.

Na tusidhani mtoto amekuja mikono mitupu. Lugha nyingi za Kibantu hulinganisha kwa kitenzi chenye maana ya kupita, kuzidi au kushinda, kama Kiswahili kinavyoweza kusema nyumba hii yaizidi ile kwa ukubwa. Mtoto aliyelelewa Usevya au Katumba kwa lugha ya mama yake ameshalinganisha maelfu ya mara kabla hajakanyaga shule: ng'ombe kwa ng'ombe, mvua ya mwaka huu na ya mwaka jana, dada mkali na dada mpole. Daraja la kuvukia Kiswahili lipo tayari.

Kwenye Kiingereza ndipo daraja linapokatika. Katika shule nyingi za serikali mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Kuhusu ulinganishi, alichopewa ni jedwali la vivumishi: kirefu, kirefu zaidi, kirefu kuliko vyote. Ameliimba. Bado anarundika alama mbili za ulinganishi kwenye kivumishi kimoja, na hilo halinisumbui sana, litarekebishika. Linalonisumbua ni kwamba anaweza kulinganisha milima na tembo, lakini hawezi kulinganisha mawazo mawili. Hajui namna ya kusema kwa Kiingereza kwamba hoja yako ni ya kweli lakini haijibu swali lililoulizwa. Kwa hiyo ananyamaza, na ukimya wake tunauita uvivu au woga.

Hapa nina pendekezo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mwacheni alinganishe kwa Kiswahili kwanza, hata katika kipindi cha Kiingereza. Dakika kumi. Wawili wawili watafute tofauti, wakubaliane kipimo, warudiane mawazo. Kisha waingie kwenye Kiingereza wakiwa na kitu cha kusema. Najua kuna shule zenye bango getini linalomkataza mwanafunzi kusema lugha nyingine, na najua nia ya bango hilo ni njema. Lakini mtu hawezi kutafuta wazo na kutafuta neno la kigeni kwa pumzi moja. Akilazimishwa atachagua neno rahisi na kuliacha wazo, na hivyo ndivyo tunavyopata kijana wa kidato cha nne anayezungumza Kiingereza cha mtoto wa miaka sita. Akili yake haina miaka sita. Tumemnyima nafasi ya kuitumia.

Kwa kidato cha tatu na cha nne kuna kazi nzuri zaidi, na tunayo kwa Kiswahili kwa hisani ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya tamthiliya ya Shakespeare juu ya kifo cha Kaisari, na mwaka 1969 akaitoa upya baada ya kuirekebisha, ikaitwa Juliasi Kaizari. Ndani yake kuna hotuba mbili juu ya maiti moja mbele ya umati mmoja. Bruto anaeleza kwa nini alimuua rafiki yake: alimpenda, lakini aliipenda Roma zaidi, na Kaisari alikuwa na tamaa ya ukuu. Umati unashangilia. Kisha anasimama Antonio, anasema hakuja kumsifu marehemu, halafu anataja matendo yake: fidia ya mateka iliyojaza hazina ya taifa, machozi yake kwa maskini, taji aliyoletewa mara tatu akaikataa. Umati uleule unageuka na kwenda kuchoma nyumba.

Wasomeeni wanafunzi hotuba hizo kwa sauti, tena kijana mmoja amsome Bruto na mwingine Antonio, na msiwaulize nani alisema kweli. Waulizeni kila mmoja alipima kwa nini. Bruto anapima kwa hatari ambayo ingekuja, Antonio anapima kwa matendo yaliyokwisha kuonekana. Hawakukutana popote, kwa sababu hatari ya kesho haikanushwi kwa wema wa jana. Katika umati mzima hakuna hata mmoja anayesimama kusema, "Subirini, Bruto alisema tamaa, huyu anajibu kwa ukarimu, je, mtu mkarimu hawezi kuwa na tamaa?" Wale watu walisikia mawazo mawili, moja baada ya jingine, na wakalifuata la mwisho. Hawakulinganisha. Sijui onyo kubwa kuliko hilo kwa nchi ambayo watu wake huchaguana kwa kusikilizana majukwaani, na ndiyo sababu sitaki ujuzi huu ubaki kuwa kipande cha silabasi.

Nimesema juu ya mifano inayofaa. Ipo pia inayotaka uangalifu, na kwa Katavi siwezi kuipita kimya. Makazi ya Katumba na Mishamo yalianzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mwaka 2007 mpaka 2008 wakazi wa makazi yale, pamoja na ya Ulyankulu kule Tabora, jumla yao takriban 218,000, waliulizwa swali moja: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania. Takriban asilimia 80 waliomba uraia. Zaidi ya 162,000 wakakubaliwa mwaka 2010, na vyeti vikatolewa kuanzia 2014.

Fikirini mazungumzo yaliyofanyika katika nyumba zile. Upande mmoja makaburi ya wazee, lugha, na ardhi ya ukoo, ambayo baada ya miaka thelathini na zaidi mara nyingi ilikuwa imeshakaliwa na wengine. Upande mwingine mashamba waliyoyafyeka kwa mikono yao, na watoto waliozaliwa hapa, waliosoma kwa Kiswahili na ambao Burundi waliijua kwa masimulizi. Bibi na mjukuu hawakuwa na kipimo kimoja, na hakuna aliyekuwa na haki ya kusema kipimo cha mwenzake ni batili. Kama kuna watu nchini mwetu waliofanya kazi ya kulinganisha mawazo kwa mdomo kwa uzito wake wote, ni wale. Wajukuu wao wako madarasani mwetu.

Kwa sababu hiyohiyo, mwalimu asiifanye habari hiyo kuwa mada ya mdahalo, hasa si ya kupigiwa kura, na wala asiwapange watoto upande wa wafugaji na upande wa wakulima katika kijiji ambacho watu wamegombania malisho. Mtoto anayelazimishwa kusikiliza wenzake wakipima kama familia yake ilistahili kuwepo hatajifunza ulinganishi, atajifunza kujificha. Makabila hayalinganishwi. Dini hazipangwi kwa ubora. Yanayolinganishwa ni mapendekezo, njia, maelezo na maamuzi, yaani mambo ambayo mtu anaweza kuyaacha bila kujiacha mwenyewe. Mtoto akitaka kuisimulia habari ya bibi yake wa Mishamo kwa hiari yake, hapo darasa zima linyamaze limsikilize.

Mmoja wenu ataniuliza juu ya alama, na ni haki yake. Mtihani wa kidato cha nne wa Kiswahili na wa Kiingereza ni wa karatasi; hauna sehemu ya mtu kukaa mbele ya mtahini akazungumza. Kisichopimwa hakifundishwi, na simlaumu mwalimu anayebanwa na matokeo. Ningependa siku moja mtihani wa kuzungumza uje. Kabla haujaja, tunayo madaftari yetu ya tathmini ya darasani, na hakuna anayetuzuia kuandika humo mambo matatu kwa kila mtoto: je, alilisema wazo la mwenzake mpaka mwenyewe akaridhika, je, alitaja kipimo, je, alibadili au aliboresha chochote baada ya kusikia? Hilo la tatu lipewe alama kubwa kuliko yote. Mtoto anayesema "nilikuja nikiamini hivi, sasa naamini vile kwa sababu ya hoja yako" asihesabiwe kuwa ameshindwa. Leo, katika mdahalo wa kawaida, tungemzomea.

Muda? Kipindi ni dakika 40, darasa lina watoto 80. Hawawezi wote kusimama mbele, na hawahitaji. Wageuze madawati, wawili kwa wawili, arobaini wanasema kwa wakati mmoja na arobaini wanasikiliza. Kelele zitakuwepo. Mwambieni mkuu wa shule mapema ili asije na fimbo. Mwalimu apite jozi nne au tano kwa kipindi, aandike, na juma lijalo apite nyingine. Kwa muhula mmoja kila mtoto atakuwa amesikika zaidi ya mara moja, na sidhani kama kuna mtu anayeweza kusema hivyo kuhusu mpangilio wetu wa sasa.

Mada ya kuanzia kwa wakubwa ningeichukua Karema. Kituo kile cha kando ya Ziwa Tanganyika kilianzishwa na Wabelgiji 1879, kikachukuliwa na wamisionari 1885. Miaka ile ya mateso ya utumwa walifika huku watu wawili wenye njia tofauti. Leopold Joubert, askari wa Kifaransa, aliamini watu wa kando ya ziwa watalindwa kwa bunduki, na akawalinda kwa bunduki. Adrien Atiman, Mwafrika wa Magharibi aliyeuzwa utumwani utotoni akakombolewa na wamisionari, alisomea udaktari Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuwatibu watu pale mpaka alipofariki 1956. Waulizeni wanafunzi nani kati yao alilifaa zaidi ziwa lile. Msikubali jibu lisilo na kipimo. Na kabla ya kipindi chenyewe wapeni likizo fupi wakawaulize wazee wao wa Karema na Ikola, kwa lugha yoyote ya nyumbani, ili kila mtoto aje darasani akiwa na wazo la mtu mwingine la kulisema kwa haki kabla hajasema la kwake.